Dubwana Letu Linachekwa

SWALI: Tunatengeneza filamu fupi ya dakika 10 hapa Umoja. Dubwana kutoka sayari nyingine linaanguka karibu na Mto Nairobi. Halina ubaya, ila linatupiwa mawe tangu mwanzo, nalo linalia, "Msiniue, mimi ni rafiki!" Tulipowaonyesha majirani, badala ya kulihurumia walicheka. Barakoa ni ya sponji ya godoro, macho tumeyachora. Tumekosea wapi?

JIBU: Machoni. Kiumbe wa filamu ya Alien (1979), aliyeigizwa na Mnigeria Bolaji Badejo, jamaa wa zaidi ya mita 2, haonyeshi macho, na ni makusudi. Usipojua anatazama wapi, hujui anataka nini. Unabaki na woga tu.

Nyinyi mnataka kinyume chake, lakini sponji hunyonya mwanga na macho ya kuchora hugeuka mashimo. Tafuteni nusu-tufe mbili za plastiki inayopitisha mwanga, mzipake rangi kwa ndani: mboni nyeusi kwanza, ikauke, kisha rangi ya kuizunguka. Nje paachwe pang'ae. Mboni zielekee puani kidogo. Zikiachana, dubwana huonekana limezubaa, na kicheko huanzia hapo. Wekeni taa ndogo kando ya kamera, juu kidogo ya usawa wa macho, hadi kila jicho lipate nukta moja nyeupe. Taa ya dari peke yake haifai, paji la uso litayatia kivuli. Na kwa kuwa macho hayazunguki, mwigizaji ageuze kichwa polepole. Onyesheni kinachotazamwa kwa sekunde 2 au 3, kisha mrudi usoni.

Mawe nayo yamewahi mno. Katika filamu ya 20 Million Miles to Earth (1957), kiumbe wa sayari ya Zuhura, mwanasesere ambaye Ray Harryhausen alimsogeza kidogo kidogo, picha kwa picha, anaanguliwa Sisilia, mbali na kwao, na chakula chake ni salfa, si watu. Anapokuja kuporomoka kutoka Colosseum, uwanja wa kale wa Roma, roho inakuuma. Lenu lipeni dakika 2 za shughuli zake: linywe maji, lijikinge mvua chini ya mabati.

Ile "mimi ni rafiki" futeni. Dubwana likijitetea lenyewe, mtazamaji atalitetea vipi? Tena Kiswahili limejifunza lini? Rekodini mtu akipumua ndani ya jagi la plastiki, mshushe sauti iwe nzito kiasi. Mkiizidisha itakuwa trekta.