Fundi kasema SSD zinakufa ghafla, ninunue au niache?

SWALI: Kaka, habari za huko Arusha. Mi niko Moshi, Pasua, napiga picha na video za harusi na kipaimara. Laptopu yangu ni HP ya mtumba, hadidiski yake imeanza kugonga gonga afu kuwaka tu ni dakika tano nzima. Nataka niweke SSD, ile diski ya chipu tupu isiyo na sahani inayozunguka, ya GB 500 ila fundi wangu anasema SSD ina siku zake, ukiandika sana inakwisha, na ikifa inakufa kimya kimya hupati hata picha moja. Fundi mwingine kanionyesha ya TB 1 ambayo bei yake iko chini kuliko hiyo ya 500, eti zote sawa tu. Betri ya laptopu ilishakufa, natumia waya. Nimsikilize nani?
Dada wa Pasua

JIBU: Salama kabisa dada yangu. Kabla ya yote, hiyo hadidiski inayogonga usiendelee kuifanyia kazi, tafuta pa kuhamishia picha za watu leo leo, mambo ya SSD yatasubiri.

Fundi wako wa kwanza hajakosea, ila kakutisha kwa kitu ambacho siyo cha kukutisha wewe. Ni kweli chipu za SSD zinachakaa kwa kuandikwa, ndo maana kampuni zinataja kiwango. Samsung 870 EVO ya GB 500 kwa mfano wanaipa TB 300 (yaani GB 300,000) za kuandika au miaka 5, kinachotangulia ndo kinamaliza waranti. Sasa piga hesabu, ukimwaga GB 40 kila siku ya Mungu, hata Jumapili, ni siku 7,500, yaani miaka ishirini, na harusi za kila siku Moshi nzima huzipati. Hata Kingston A400 ya GB 240 yenye TB 80 kwa mwendo huo huo inakupeleka miaka mitano na ushee.

Hapo pa kufa kimya kimya ndo yuko sahihi kabisa, na mi naliogopa hilo kuliko kuchakaa. Hadidiski mara nyingi inakugongea kwanza kama hiyo yako, SSD unaweza ukaizima jioni ikiwa haina tatizo afu asubuhi kompyuta haiioni kabisa, mara nyingi ni kontrola, yaani chipu inayoiongoza, au programu yake ya ndani. Mwaka 2019 kampuni ya HPE walitangaza kwamba baadhi ya SSD zao za seva, zile kompyuta kubwa za makampuni, zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwaka, na kila kilichomo kingepotea, isipokuwa uwe umeweka sasisho mapema. Ona sasa, mtu aliyewasha mbili siku moja akategemea moja iwe kopi ya nyingine, zote zingeondoka pamoja.

Na umeme. Ukikatika katikati ya kuandika, SSD za kawaida hazina akiba ya umeme ya kutosha ya kumalizia kazi kama zile za seva, na we huna betri! Kwa kweli betri inunue kabla ya SSD, hilo nakuomba.

Hiyo TB 1 ya bei chee iache hapo hapo ilipo. Mwaka juzi hapa Arusha niliuziwa ya hivo, kompyuta ikasoma TB 1 vizuri tu nikafurahi, nikakopi video mpaka mwisho bila shida, kuzifungua zile za mwanzo zinacheza, zilizofuata zote nyeusi. Nilipoipima na H2testw, programu ambayo inajaza diski yote afu inasoma ilichoandika, ndo nikajua ndani kulikuwa na chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya. Sikulala siku ile maana zilikuwa kazi za watu.

Kwa hiyo dukani usilipe na kuondoka. Mwambie aichomeke, afungue CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha hali ya diski, uangalie saa ilizowaka: mpya inatakiwa iwe sifuri au karibu na hapo, ukikuta 9,000 ujue imetoka kwenye mashine ya mtu ikafutwa vumbi. Ila namba hizo kwenye feki zinachezewa, ndo maana H2testw ni lazima, inaweza kula saa nzima au zaidi, kaa usubiri, risiti na waranti viandikwe. Ukiweza kuchagua aina ya chipu chukua TLC, ile nyingine ya QLC ni nafuu ila uvumilivu wake wa kuandikwa ni mdogo.

Afu kopi ya pili iwe kwenye hadidiski ya nje isiyo mbovu, siyo SSD nyingine uliyonunua siku hiyo hiyo, na isikae begi moja na laptopu. SSD yenyewe usiitumie kama kabati la albamu, ikikaa bila umeme muda mrefu data zinafifia, na iliyokwisha kuchakaa kiwango chake ni kushika data mwaka 1 tu kwenye joto la nyuzi 30, na joto la Moshi la Februari unalijua mwenyewe.