Maswali ya Wasomaji: Nyota Nne Zinazoonekana Mbili

Swali: Ninaishi Minneapolis, Marekani, na majira haya ya joto nimenunua darubini yenye lenzi ya milimita 60 na urefu wa fokasi wa milimita 700. Nikitumia lenzi ya jicho ya milimita 20, Albireo inajitenga vizuri kuwa nyota mbili, lakini Epsilon Lyrae, inayosemekana kuwa nyota nne, naiona mbili tu. Huwa ninatazama kutoka kwenye maegesho ya magari ya jengo letu. Je, nimeuziwa darubini mbovu?

Jibu: Darubini yako ni nzima. Nyota mbili za Albireo, katika kundinyota la Dajaja, zimeachana kwa takriban sekunde 35 za tao, yaani sehemu 35 kati ya 3,600 za digrii moja, ndiyo maana ukuzaji wako wa mara 35 (milimita 700 za fokasi zikigawanywa kwa 20 za lenzi ya jicho) unatosha kuzitenga na hata kukuonyesha moja ikiwa ya dhahabu na nyingine ya buluu. Epsilon Lyrae, iliyo jirani na Vega, nyota angavu sana, ina jozi mbili zinazoachana kwa nafasi kubwa, na hizo ndizo unazoziona; ndani ya kila jozi, hata hivyo, nyota zimekaribiana kwa sekunde 2.3 hivi tu. Lenzi ya milimita 60 inaweza, kwa kanuni, kutenganisha nyota zilizoachana kwa sekunde 1.9, kwa hiyo unacheza ukingoni kabisa mwa uwezo wake.

Tafuta lenzi ya jicho ya milimita 6, itakayokupa ukuzaji wa mara 116 hivi, kisha uhame hapo maegeshoni, kwa sababu lami iliyoota jua mchana kutwa hutoa joto hadi usiku wa manane na kuifanya nyota itetemeke kama kokoto chini ya maji yanayopita. Majani ni afadhali. Ukiitoa darubini kwenye nyumba yenye kiyoyozi, iache nje nusu saa, la sivyo lenzi itashika ukungu. Subiri Vega ifike karibu na utosi, jambo ambalo kwenu hutokea mapema Agosti baada ya saa nne usiku. Shingo itakuuma, lakini huko juu ndiko hewa inakokuwa nyembamba zaidi. Mbalamwezi isikuzuie, kwani nyota hizi haziathiriwi nayo kama nebula, yaani mawingu hafifu ya gesi na vumbi angani, zinavyoathirika.

Usitarajie pengo kubwa. Hewa ikitulia kwa sekunde chache, kila nukta itageuka vidoa viwili vilivyotenganishwa na uzi mweusi, na utaona kwamba jozi moja imelala karibu kukingamana na nyenzake.