Maswali na Majibu: Modeli za Kompyuta za Mgongo Uliopinda

Nitumie programu gani kujenga modeli ya skoliosisi, yaani mgongo uliopinda kando?
FEBio, inayokokotoa mkazo na mpindo wa mifupa na tishu, ni ya bure. Ukitaka misuli, OpenSim nayo ni ya bure. Swali hili linarudi kila mara, na anayeliuliza huwa bado hajasema anataka kujua nini kuhusu mgongo. Anzia hapo.

Nina picha za CT (eksirei za vipande vipande zinazounganishwa na kompyuta) za mgonjwa mmoja. Zinatosha kupima kama bresi, yaani vazi gumu la kushikilia mgongo, itamfaa?
Kwa umbo la pingili moja moja, ndiyo. Kwa mpindo wenyewe, hapana. CT hupigwa mtu akiwa amelala, na akilala mpindo hupungua kwa sababu uzito wa mwili hauubani tena. Tafuta eksirei za kusimama, ya mbele na ya ubavuni, zilizopigwa kwa pamoja. Mashine ya EOS, iliyotokana na kazi ya Georges Charpak, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 1992, hufanya hivyo kwa mionzi michache. Na tafadhali, usimwombe daktari ampige mtoto CT nyingine kwa ajili ya tasnifu yako. Watoto hawa wanapigwa picha za kutosha.

Nimeweka ugumu wa MPa (megapaskali) 12,000 kwa tabaka la nje la mfupa. Ni sahihi?
Namba hiyo imenakiliwa kutoka makala hadi makala. Uliuliza ilipimwa kwa mfupa wa nani? Vipimo vingi vya maabara vimetoka kwa maiti za watu wazima, wengi wao wazee, wenye migongo iliyonyooka. Mgonjwa wako ana miaka 13 na bado anakua. Hata hivyo, kinachoamua mgongo upinde kiasi gani ni diski (vibao laini kati ya pingili) na ligamenti (kano zinazofunga mifupa) kuliko mfupa, na hizo ndizo zinazotofautiana sana kati ya mtoto na mtoto. Chukua eksirei alizopigwa akiinama kushoto na kulia, kisha rekebisha ugumu wa diski mpaka modeli iiname kama yeye. Halafu ijaribu kwa kipimo ambacho hukukitumia kuirekebisha. Anayerekebisha na kuthibitisha kwa picha ileile ni mwanafunzi aliyepewa majibu kabla ya mtihani, na kazi za namna hiyo zinaendelea kuchapishwa, zikiwa na rangi nzuri za mkazo kila ukurasa.

Modeli inaonyesha pembe ya Cobb, kipimo cha mpindo kwenye eksirei, itapungua nyuzi 3. Niandike kwamba tiba imefaulu?
Usiandike. Wapimaji wawili wa eksirei moja huweza kupishana kwa nyuzi 5.

Modeli inaweza kutabiri mpindo utaongezeka?
Kwa sehemu. Kanuni ya Hueter na Volkmann inasema mgandamizo hupunguza ukuaji wa mfupa, hivyo upande wa ndani wa mpindo hubaki nyuma na pingili huwa kama kabari. Modeli zinaiga hilo vizuri. Mpindo ulianzaje, haziwezi kukuambia.

Binti yangu ana mpindo wa nyuzi 28. Tusubiri utafiti huu ukamilike?
Msisubiri hata kidogo, mama. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa 2013 ulionyesha kuwa asilimia 72 ya waliovaa bresi hawakufikia nyuzi 50 hadi mifupa ilipokomaa, dhidi ya asilimia 48 ya waliofuatiliwa tu. Waliovaa saa nyingi zaidi kwa siku ndio walionufaika zaidi. Mpeleke kwa daktari bingwa wa mifupa wiki hii, angali anakua.