Kabla hujampa mtu mbwa wako, nenda kaone atakapolala

Mwaka jana nilihama Sakina kwenda nyumba ya kupanga Njiro, hapa hapa Arusha, na mwenye nyumba alisema mapema: mbwa hapana. Popi wangu alikuwa na miaka minne. Muda ulinibana, nikampa mtu wa kwanza aliyemtaka, jamaa mwenye duka kule Ngaramtoni. Nilimwamini kwa sababu nilikuwa na haraka, na hilo linaniuma hadi leo.

Siku tisa baadaye nilipita kumwona. Alikuwa amefungwa nyuma ya duka kwa mnyororo usiofika mita mbili, shingo imechubuka, sufuria ya maji imepinduka. Sikugombana na mtu. Nilimfungua nikaondoka naye, dada yangu wa Moshono akakubali kumhifadhi kwa muda. Omba hifadhi kama hiyo mapema, kwa ndugu au rafiki, ili usije ukatafuta nyumba ya mbwa huku umeshafunga mizigo.

Safari hii nilianzia kwa daktari wa mifugo anayemchanja. Yeye anazijua nyumba zinazoleta mbwa kila mwaka, na anazijua zile zinazosubiri mpaka mnyama augue. Alinielekeza kwa mama mmoja wa Tengeru aliyefiwa na mbwa wake mzee.

Nenda kwanza peke yako, bila mbwa. Uliza: "Mbwa wenu wa mwisho aliishia wapi?" Ukiambiwa alipotea, na wa kabla yake naye alipotea, aga vizuri uondoke. Yule mama alinionyesha alipomzika wa kwake, chini ya mparachichi. Tazama uzio. Tazama banda kama lina paa na limeinuliwa kutoka chini, maana baridi yetu ya Juni na Julai si ya kumlaza mbwa kwenye simenti tupu.

Kisha uliza ni nani hasa atakayempikia. Mara nyingi siye mliyepatana naye; ni dada wa kazi au kijana wa shamba. Kaa naye huyo, zungumza naye kwa heshima. Mimi nilimweleza kwamba Popi anakula ugali wa dagaa, na kwamba asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwani huvunjika vipande vikali vinavyoweza kumtoboa utumbo.

Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iende naye, ikiwa haijapitwa na tarehe. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua, nawe unampeleka mbwa kwenye nyumba ya watu. Kama ni jike, mfunge kizazi kwanza. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na wapo wanaomtaka jike kwa ajili ya kuuza watoto tu.

Mpelekee na blanketi lake bila kulifua, lina harufu anayoijua. Wiki mbili za kwanza asitoke getini. Atatafuta njia ya kurudi, na barabara ya Moshi ina magari ya kasi. Mwambie mwenyeji waziwazi: ukishindwa, nipigie mimi, usimpe mtu mwingine.

Nilikaa mwezi mzima bila kwenda, ili azoee. Nilipobisha hodi Tengeru, Popi alinibwekea kwanza kutoka kibarazani, kisha akanisikia sauti.