"Subiri bamvua": mvuvi wa kamba anamaanisha nini

Mkuu, umeuliza kama mvuvi wako wa Delta ya Rufiji anakupiga kalenda, maana umeagiza kamba wa kupeleka hotelini na kila ukimpigia jibu ni lile lile: "Subiri bamvua." Nimehangaika na biashara ya kamba kati ya Nyamisati, bandari ndogo ya huko Rufiji, na Feri, soko la samaki la Dar, kwa miaka, na mpaka hapo ulipofika sioni kama amekudanganya. Anakupigia kalenda kweli, ila ni kalenda ya mwezi wa angani.

Bamvua ni zile siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana. Huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu jua, dunia na mwezi vinakuwa vimepangana kwenye mstari na maji yanavutwa kwa nguvu za pamoja. Kwa pwani yetu ya Dar na Mafia, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa siku hizo hupita mita 3. Katikati ya bamvua na bamvua ndiyo maji mafu: tofauti inaweza kushuka mpaka mita 1 hivi, bahari inakuwa kama imesusa.

Sasa kwa nini mvuvi wa kamba aling'ang'anie bamvua? Kamba hutaga baharini, vitoto vinaingizwa na maji hadi kwenye vijito vya mikoko, vinakulia humo topeni miezi michache, halafu wakishakua wanatoka tena kurudi baharini. Maji ya bamvua yakitoka hutoka kwa kasi, yanavuruga tope na kuwasukuma kamba kuelekea mdomo wa mto, na wavu hauonekani kwenye maji machafu. Maji yakifa, mkondo unalegea, maji yanatakata, kamba wengi wanajifukia. Mvuvi atachoma mafuta ya boti arudi na ndoo haijafika nusu. Ndiyo maana ukienda dago, kambi ya wavuvi, wakati wa maji mafu utawakuta wanashona nyavu, wanacheza bao, na wengine wameshaenda zao nyumbani. Masika ndiyo mambo yanakuwa mazuri zaidi, mto unaposhusha maji ya mvua na bamvua likawa juu yake.

Angalia usichanganye wavuvi lakini. Mvuvi wa mshipi anayapenda maji mafu, kwa sababu mkondo hauburuti chubwi lake, ile risasi ya kuzamisha mshipi. Wa dagaa anayevua kwa taa hana habari na bamvua lako, yeye anauliza giza: mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawaifuati taa. Ukimwuliza huyo kuhusu kamba atakujibu kwa kalenda yake, mwishowe ukaona wote waongo.

Ukikaa nao utasikia bamvua likitumika kama watu wa ofisini wanavyotumia mwisho wa mwezi. "Deni nitalimaliza bamvua lijalo." "Bamvua lililopita hatukupata kitu, upepo." Hata tajiri, yule anayewakopesha nyavu na mafuta ili kamba wote wauzwe kwake, anakata hesabu bamvua kwa bamvua. Na hapo uwe macho: kama mvuvi wako ana tajiri, mzigo wa kwanza si wako hata maji yawe mazuri vipi. Hili ndilo linalowachelewesha wanunuzi wapya kuliko maji yenyewe, na hakuna atakayekwambia kwenye simu.

Saa nazo zina mpangilio. Bamvua kwetu maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Hiyo saa nne ya asubuhi ndipo kina mama wanaposhuka kutanda uduvi, vile vijikamba vidogo sana. Wawili wanashika kitambaa, kila mmoja na pembe zake mbili, maji ya magoti, wanakikokota taratibu kando ya ukingo, halafu wananyanyua pembe zote kwa mpigo mmoja. Maji yanachuja, uduvi unabaki unarukaruka katikati. Huo huanikwa na kuuzwa kwa kibaba, kwa hiyo ukiagiza taja kamba, na taja saizi. Hoteli haitaki uduvi.

Kujua kama unazungushwa, fuata tarehe za Kiislamu, hata kwenye simu zipo. Kuanzia tarehe 29 hadi 3 au 4, na 14 hadi 18, maji ni ya bamvua. Akikwambia "maji mafu" tarehe 16, huyo ana lake. Akikwambia hivyo tarehe 8 au 23, mwache apumzike. Kuna pia miezi serikali hufunga uvuvi wa kamba. Hilo ulizia kwa afisa uvuvi wa wilaya kabla hujatoa hela.

Bei hushuka bamvua likichanganya, maana kila mtu ana mzigo, lakini barafu nayo inagombaniwa. Kamba asiye na barafu kichwa huanza kupiga weusi ndani ya saa chache, na mpishi wa hoteli anaangalia kichwa kwanza. Mpigie tarehe 12 ya Kiislamu, mtumie hela ya barafu peke yake, ya kamba mpe mkononi mzigo ukishapimwa.