Ukulele kongwe za Hawaii: maswali yenu na majibu ya fundi

Wiki iliyopita niliandika habari za ukulele (kigita kidogo cha nyuzi nne) moja kongwe ya Manuel Nunes, iliyotengenezwa kwa mkono Honolulu, mji mkuu wa Hawaii, na maswali yamemiminika. Mengine yanafanana, kwa hiyo nimeyaunganisha.

Shikamoo fundi. Huyo Nunes ni nani hasa? Na mbona jina ni la Kireno wakati ukulele tunaambiwa ni ya Wahawaii? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Tarehe 23 Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na watu zaidi ya 400 kutoka kisiwa cha Madeira, Ureno. Walikuwa wamechukuliwa kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu wa samani: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Walipotoka mashambani wakahamia mjini, na katika miaka ya 1880 wakafungua karakana zao. Kwao Madeira walizoea machete, kigita cha nyuzi nne, na rajão yenye nyuzi tano. Wakachukua umbo la ile ya kwanza na mpangilio wa sauti wa ile ya pili, wakatumia mti wa visiwani humo humo, koa. Chombo kilichopatikana hakikuwako Madeira, kwa hiyo Wahawaii wana haki kamili ya kukiita chao. Mfalme Kalākaua, aliyetawala kuanzia 1874 hadi 1891, alikipenda akakiingiza katika muziki wa hula, ngoma ya asili ya Wahawaii, ikulu, na mimi naamini kwamba bila yeye kingebaki burudani ya wahamiaji tu.

Nunes aliishi kuliko wenzake wawili, akafariki 1922, na lebo zake zilimtangaza yeye kuwa ndiye mvumbuzi. Hapo sikubaliani na lebo. Heshima ile ni ya watu watatu.

Nimeona bei ya ukulele hizo nikashika kichwa. Kigita cha nusu mita! Unalipia nini? (Msomaji, Arusha)

Unalipia wembamba wa mbao, na mkono uliothubutu kuufikia.

Ishike moja nzuri ya miaka ya 1910 utashtuka ilivyo nyepesi. Uso wake, yaani ubao wa mbele wenye tundu la sauti, mara nyingi ni kama milimita moja na nusu tu, na fundi aliufikisha hapo kwa randa na kikwaruzo, akiugongagonga kwa kidole na kusikiliza. Akiacha mbao nene, sauti inakuwa butu. Akipitiliza kidogo, nyuzi zitaukunja uso baada ya miaka michache. Hakuna kipimo kinachoweza kumwamulia, kwa sababu hata mbao mbili za mti mmoja hazilingani ugumu.

Halafu kuna kukunja pande. Ubao mwembamba unaloweshwa, unakandamizwa taratibu juu ya chuma cha moto mpaka ukubali kiuno cha ukulele. Koa inayopendwa kuliko zote ni ile yenye mawimbi yanayong'aa ukiigeuza kwenye mwanga, na ndiyo hiyo hiyo inayovunjika upesi, maana nyuzinyuzi zake hazikunyooka. Kila ukulele ya koa ya mawimbi iliyokunjwa vizuri ilimweka fundi roho juu.

Tazama pia ukingo wa kamba, ule unaozunguka uso na tundu la sauti kana kwamba kamba ya rangi mbili imesokotwa pale. Si rangi ya kupaka. Fundi aligandisha tabaka za mbao nyeupe na nyeusi, akazikata mshazari kuwa vipande vyembamba, kisha akavilaza ndani ya mfereji alioukata pembeni mwa uso. Ukiwa na kioo cha kukuzia, tafuta mahali kamba inapokutana mwanzo na mwisho. Kwa fundi mahiri utahangaika kupapata.

Na kama unadhani ni kazi rahisi kwa yeyote anayejua kutengeneza gita, kampuni ya Martin ya Nazareth, Pennsylvania, ilikuwa na sifa kubwa ya magita ilipojaribu ukulele mwaka 1907. Waliijenga kama gita: uso wa sprusi (mti wa jamii ya misonobari), vijiti vingi vya kutia nguvu ndani. Sauti ikafifia, wanunuzi hawakuvutiwa. Waliporudi tena 1916, mwaka mmoja baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco yaliyowatia Wamarekani wazimu wa ukulele, walikuwa wamepunguza vijiti na kutumia mahogani nyembamba. Hizo ndizo zinazotafutwa hadi leo. Ile iitwayo 5K, ya koa iliyozungushiwa gamba linalong'aa la abaloni, konokono wa baharini, ndiyo ghali kuliko zote, ingawa masikio yangu yanaridhika kabisa na zile za kawaida zisizo na pambo lolote.

Marehemu babu alikuwa baharia, ametuachia ukulele iliyoandikwa Honolulu. Nitajuaje kama ni ya kweli? (Msomaji, Mombasa)

Poleni kwa msiba, na hongera kwa kuitunza. Chukua tochi uchungulie ndani ya tundu la sauti. Kwanza tazama ukingo wa tundu lenyewe: ukiona tabaka tabaka, hiyo ni plaiwudi, na mafundi wa zamani wa Honolulu hawakujengea plaiwudi. Kisha linganisha mistari ya mbao ya ndani na ya nje kwenye mgongo. Lazima iwe mistari ile ile.

Sasa tazama shingo. Kwenye nyingi za kale za Hawaii, mahali pa kubonyeza vidole pako usawa mmoja na uso, hapajainuka kama kwenye gita. Vigingi vya kukazia nyuzi ni vya mbao, vinashika kwa msuguano tu. Nyuma ya kichwa tafuta alama ya TABU, iliyowekwa kuthibitisha kwamba chombo kimetengenezwa Hawaii, baada ya viwanda vya bara la Marekani kuanza kuuza za kuiga. Ukikuta nembo ya kichwani inayotaja tuzo ya dhahabu ya 1915, basi umeshika kazi ya Jonah Kumalae, Mhawaii aliyetunukiwa kwenye maonyesho yale ya San Francisco.

Lebo ikikosekana usikate tamaa. Karatasi hubanduka, ufundi haubanduki. Nitumie picha za uso, mgongo, kichwa na ndani ya tundu.

Yangu ina ufa usoni. Seremala wa mtaani anataka kuutia gundi kisha aikwangue yote kwa msasa na kuipiga vanishi mpya. Nimruhusu? (Msomaji, Kigali)

Hapana. Nakuomba sana, hapana.

Ufa wenyewe si janga. Ukulele hizo ziligandishwa kwa gundi ya ngozi, ambayo hulainika kwa joto na unyevu, na ndiyo sababu fundi wa miaka mia moja baadaye anaweza kuzifungua na kuzifunga bila kuzijeruhi. Ufa unasukumiwa gundi hiyo ya moto, unabanwa, halafu kwa ndani ya ukulele vinawekwa vipande vidogo vya mbao vinavyoukatiza. Gundi nyeupe ya samani au ile ya kuchanganya mirija miwili inaziba njia hiyo, kwani gundi ya ngozi haishiki tena juu yake.

Msasa ndio mbaya zaidi. Kumbuka ile milimita moja na nusu. Kila anachokwangua seremala ni sehemu ya sauti, na vanishi nzito ya samani inakuja kuufunga uso uliobaki. Mikwaruzo ya kucha za mpigaji wa zamani iache ilivyo.

Naweza kuifunga nyuzi za chuma? (Msomaji, Mwanza)

Usithubutu. Zitang'oa daraja, kile kipande cha mbao usoni kinachoshika nyuzi, au kuutumbukiza uso. Zamani walitumia nyuzi za utumbo, leo tumia za nailoni. Na uzi wa nne uwe mwembamba, wenye sauti ya juu, siyo besi: sol, do, mi, la. Mpangilio huo ndio urithi wa ile rajão.

Je, mbao zetu zinafaa kutengenezea ukulele? (Wasomaji watatu, Iringa, Lindi na Nairobi)

Zinafaa, na natamani tungezitumia zaidi. Koa yenyewe ni jamii ya migunga, ingawa huota Hawaii tu. Mkangazi wetu ni wa ukoo mmoja na mahogani waliyotumia Martin, nao unapigika vizuri ukiwa mwembamba. Mninga naupenda kuliko yote kwa sababu ukishakauka hautikisiki: haupindi wala hausinyai ovyo. Mpingo weka kwenye ubao wa vidole na daraja tu. Ni mzito mno kwa uso. Chagua ubao uliopasuliwa kuelekea kiini, mistari yake isimame wima ukiutazama kichwani, na uuache ukauke kivulini kwa muda mrefu. Mbao mbichi zimewavunja moyo vijana wengi wenye kipaji.

Assalaam alaykum. Niko Muscat, kiyoyozi hakizimwi. Ukulele yangu ya koa imeanza kulia "tik" usiku. (Msomaji, Oman)

Wa alaykum salaam. Hiyo ni mbao inasinyaa, na ufa uko njiani. Itie kwenye sanduku lake leo hii, pamoja na kisahani cha sabuni chenye matundu, ndani yake sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka isidondoshe. Nunua kipima unyevu kidogo, lenga asilimia 45 hadi 55, na sponji uiloweshe kila inapokauka. Nyuzi zilegeze kidogo kwa siku hizi za mwanzo, na usiitundike tena kwenye ukuta wa kiyoyozi.