Maswali ya Wasomaji: Eti alikuwa mpiga mbizi tu?

SWALI: Habari dada, nawasoma siku nyingi ila kuuliza ndo mara ya kwanza. Juzi nimemsifia Sylvia Earle mbele ya kaka yangu, kwamba amewafungulia wanawake njia kwenye sayansi ya bahari, akanicheka eti yule ni mpiga mbizi tu aliyepata jina kwa sababu ya kamera. Nikakosa la kumjibu.

JIBU: Mdogo wangu, anza na mwani. Shahada yake ya uzamivu aliyoipata Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, mwaka 1966 ilihusu mwani wa kahawia wa Ghuba ya Mexico, na mwani wenyewe hakungoja kuletewa kwenye ndoo, alizama akauchuma, kwa hiyo kwake uzamivu ulikuwa uzamivu kweli (samahani, nimeshindwa kujizuia). Kabla ya hapo, 1964, alipita Mombasa na meli ya utafiti wa Bahari ya Hindi, mwanamke peke yake, basi gazeti la pale kichwa cha habari kikawa Sylvia anaondoka na wanaume 70 ila hategemei matatizo. Mwani wala haukutajwa!

Kamera zilikuja 1970, hapo kaka ana kaukweli kidogo. Aliongoza timu ya wanawake watupu walioishi wiki 2 kwenye nyumba chini ya maji huko Visiwa vya Virgin vya Marekani, kisa wakubwa hawakutaka wanawake na wanaume walale humo pamoja, na walipotoka wakapokewa kama mastaa. Ila humo ndani ndo alizoea kuwaona samaki walewale kila siku, kila mmoja na tabia yake, na siku hizi samaki hali kabisa. Mimi hapo simfuati.

Halafu 1979 kule Hawaii akatembea kwenye sakafu ya bahari mita 381 chini, ndani ya suti ngumu maana maji ya kina kile yanakandamiza kama mara 39 ya hewa ya huku juu, na hana kamba ya kumvuta mpaka melini, ana waya mfupi tu wa kuongea na nyambizi ndogo iliyomshusha. Baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwanasayansi mkuu wa NOAA, lile shirika la serikali ya Marekani la mambo ya bahari na hali ya hewa, na 2009 akaanzisha Mission Blue kupigania sehemu za bahari zilindwe.

Kaka akiendelea kubisha, mwambie sampuli za mwani alizokusanya kwa ule utafiti wa kwanza zilizidi 20,000, na wakati huo jina bado hana.